Kete Zilizoanguka Barazani

 Kama umekaa, weka kikombe chini kidogo, tufanye jambo moja pamoja. Chukua vidole viwili, cha shahada na cha kati, uviweke shingoni, pembeni mwa koromeo. Upande mmoja tu. Usibonyeze kwa nguvu, na usishike pande zote mbili kwa pamoja. Gusa taratibu, kama unavyoligusa embe kujua limeiva. Unasikia kinachodunda?

Hiyo ni ateri ya karotidi. Unazo mbili, moja kila upande. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani la usingizi mzito, kwa maana Wayunani wa kale walikwisha kujua kwamba mishipa hiyo ikibanwa, mtu hulegea na kupotewa na fahamu. Ndiyo sababu nimekuonya usibonyeze. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote unayovuta, na sehemu kubwa ya chakula chake hupita hapo chini ya vidole vyako.

Haya, toa mkono. Sasa nikupe kisa.

Mjomba wangu alikuwa bingwa wa bao mtaani kwetu Tanga. Mtu wa miaka 60 na ushei, fundi cherehani aliyestaafu, mvutaji wa sigara tangu ujana wake. Presha alikuwa nayo. Vidonge alivimeza siku alizojisikia vibaya, na siku alizojisikia vizuri aliviacha kabatini. Alasiri moja, miaka 12 iliyopita, alikuwa barazani anacheza na jirani yake, mimi nimekaa kwenye ngazi nawatazama. Mjomba akachota kete, akaanza kuzigawa: moja, moja, moja. Alipofika shimo la nne mkono wake wa kulia ukasita. Kete zikamponyoka, zikatawanyika sakafuni. Akazitazama kama si zake. Akafungua mdomo amwambie jirani neno, ikatoka sauti nzito isiyo na vituo, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Jirani akacheka, akidhani mzee anatania.

Kahawa haikuwahi kupoa. Dakika 10, labda pungufu, mkono ukarudi, na kauli ikarudi. Mjomba akaziokota kete zake mwenyewe, akamaliza mchezo, na akashinda. "Mkono ulikufa ganzi," akasema. Mke wake akasema ni upepo tu, akamchua kwa mafuta. Kesho yake alikwenda zahanati moja, akapimwa presha, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa apumzike. Hakuna aliyemuuliza kuhusu ile kauli iliyopotea. Hakuna aliyemgusa shingo.

Siku ya 11, alfajiri, tulisikia birika likianguka uani. Alikuwa anataka kutia udhu.

Msikilizaji, mimi si daktari. Mimi ni mpwa wa mcheza bao. Lakini tangu alfajiri ile nimesoma na kuuliza sana, na jambo moja nililojifunza ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti leo: ugonjwa huu wa kiharusi haupimwi kwa ukubwa. Dakika 10 za barazani zilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuishi mjomba, nasi tuliziona ndogo kwa sababu zilipita.

Kilichompata siku ile ya barazani kinaitwa kiharusi cha mpito. Damu hukatika katika sehemu ya ubongo, kisha hurudi kabla sehemu hiyo haijafa. Na mara nyingi chanzo chake hakiko kichwani. Kiko shingoni, hapo ulipoweka vidole.

Tuutazame mshipa wenyewe. Karotidi hupanda kutoka kifuani, na ikifika usawa wa juu wa koromeo hugawanyika. Tawi moja huenda usoni na kwenye ngozi ya kichwa. Jingine huingia ndani ya fuvu kulisha ubongo na jicho. Kwenye njia panda hiyo damu hupoteza mwendo wake ulionyooka. Upande mmoja huzubaa na kujizungusha. Umewahi kutazama mfereji wa mtaani baada ya mvua? Taka hazikwami pale maji yanapokwenda kasi. Hukwama kwenye kona, maji yanapozubaa. Na hapo kwenye njia panda ya shingo ndipo mafuta hupenda kujijenga.

Hujengwaje? Presha inapoupiga ukuta wa mshipa mwaka baada ya mwaka, moshi wa sigara ukauchubua, sukari ikazidi, basi lehemu, ile ambayo wengi tunaiita kolesteroli, hupenya chini ya ngozi laini ya ndani ya mshipa. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huja kuila. Hula hadi huvimbiwa, na hufia humo humo. Mwili nao hujitahidi kulifunika eneo hilo kwa utando wa nyuzi. Mkusanyiko huo wote, mafuta, maiti za askari na utando wa juu, ndio madaktari wanauita plaki.

Sasa, plaki haziko sawa, na kwa bahati nzuri Kiswahili kina maneno tayari. Ipo plaki iliyo kama sugu, na ipo iliyo kama jipu.

Sugu unaijua. Iko kwenye kisigino cha mwenye kutembea peku, iko kwenye kiganja cha mwenye jembe. Ni ngumu, ni nene, haina haraka. Plaki ya namna hiyo imejaa nyuzi na chokaa. Inaweza kuubana mshipa kweli kweli, lakini imetulia. Jipu ni jambo jingine. Ndani yake mna uji wa mafuta na chembe zilizokufa. Ngozi ya juu ni nyembamba, na ile vita ya ndani inazidi kuila. Wakati mwingine vimishipa dhaifu huota ndani yake, huvuja damu, na jipu hufura ghafla. Kwa nje linaweza kuwa dogo tu, lakini limeiva.

Siku ngozi hiyo ikipasuka, mafuta yaliyokuwa yamefichwa hukutana na damu. Damu hudhani hapo pana jeraha, nayo hufanya kazi iliyoumbiwa: huganda. Kipande cha damu iliyoganda hukatika, huchukuliwa na mkondo, hupanda juu mpaka kifike kwenye mshipa usioweza kukipitisha. Kikiwa kidogo kikayeyuka, umepata dakika 10 za barazani. Kikiwa kikubwa, umepata birika linaloanguka alfajiri. Na jipu lililopasuka huwa halijapona. Kidonda kiko wazi, kinaendelea kutupa vipande. Ndiyo maana siku chache za kwanza baada ya kiharusi cha mpito, hadi wiki mbili hivi, ndizo za hatari kuliko zote. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hili, ndugu yangu, ni wingu linalopita jua likawaka tena, watu wakaanika nguo.

Tusimlaumu sana yule wa zahanati, kwa maana hata mabingwa wa dunia walichelewa kulijua hili. Kwa muda mrefu mtu akifa kwa kiharusi, walifungua fuvu wakautazama ubongo, shingo ni mara chache kuikagua. Aliyegeuza macho ya wenzake ni daktari wa Kanada, C. Miller Fisher, akiwa Montreal. Fisher aliwasikiliza wagonjwa, akaona fumbo: mtu aliyepooza upande wa kushoto anasimulia kwamba kabla ya hapo jicho lake la kulia lilikuwa likiingia giza kwa muda kisha linafunguka. Jicho na mkono vimegombana, kila kimoja upande wake. Fumbo hufumbuka ukikumbuka ile njia panda. Karotidi ya kulia hulisha jicho la kulia, lakini pia hulisha nusu ya kulia ya ubongo, ambayo ndiyo inayoamuru mkono wa kushoto. Mshipa mmoja, mashahidi wawili. Mwaka 1951 Fisher alichapisha maelezo yake, akabashiri kwamba siku moja madaktari wa upasuaji watapata njia ya kuupita mshipa ulioziba.

Siku hiyo haikuwa mbali. Mwaka 1954, katika hospitali ya St Mary's jijini London, Eastcott, Pickering na Rob walimtibu mwanamke aliyekuwa amepatwa na viharusi vya mpito 33. Walimpoza mwili hadi nyuzi 28 ili ubongo ustahimili kukosa damu kwa muda, wakakata kipande kibovu cha mshipa, wakaunga palipobaki. Vile viharusi vikakoma.

Halafu likaja swali la nani apasuliwe. Mwaka 1991 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulitoa jibu lililobadilisha kazi ya madaktari. Walichukuliwa wagonjwa waliokwisha kupata dalili, ambao mshipa wao umebanwa kwa asilimia 70 au zaidi. Wengine walipewa dawa peke yake, wengine dawa na upasuaji. Baada ya miaka miwili, waliopata kiharusi cha upande ule ule kati ya wale wa dawa peke yake walikuwa 26 katika kila 100. Kati ya waliopasuliwa, 9.

Tangu hapo asilimia ya kubanwa ikawa ndiyo kipimo. Ni rahisi: unapima njia iliyobaki, unalinganisha na mshipa mzima, unapata namba. Lakini hebu zirudie hesabu zile kwa utulivu. Kama 26 walipata kiharusi, 74 hawakupata, na wote walikuwa na mshipa uliobanwa vibaya. Wapo pia wanaopigwa na kiharusi na mshipa wao haujabanwa hata nusu. Rula hupima njia ilivyobaki. Haikuambii kama kilichoiziba ni sugu au jipu. Ndiyo sababu madaktari wa leo wanauliza swali la pili: plaki yenyewe ikoje?

Wanalijibu vipi? Kipimo cha kwanza ni kongwe: daktari anaweka stethoskopu shingoni na kusikiliza. Mshipa uliobanwa unaweza kutoa mvumo, fuu, fuu, kama mtu anapuliza moto wa mkaa. Lakini kimya si cheti. Jipu dogo halivumi, na mshipa ulioziba kabisa hauvumi pia.

Kipimo cha pili ni altrasaundi, ile ile inayomwonesha mama mtoto wake tumboni. Haichomi, haina mionzi, na ni nafuu kuliko picha nyingine. Mgonjwa hulala, hugeuza uso pembeni, hupakwa ute wa baridi shingoni. Mashine hutuma sauti tusizozisikia na kupokea mwangwi wake. Ikiwekwa kwenye Doppler, hugeuza mwendo wa damu kuwa sauti: shwu, shwu, shwu. Pale palipobana damu hukimbia, na sauti hupanda ikawa kali. Kwenye skrini, chokaa na nyuzi hurudisha mwangwi mwingi, kwa hiyo sugu huonekana nyeupe. Mafuta na damu hurudisha mwangwi kidogo, kwa hiyo jipu huonekana jeusi, kiasi kwamba jicho lisilozoea linaweza kudhani hapo ni damu tu inapita. Hapo cheusi ndicho cha kuogopwa.

Kisha kuna picha ya CT yenye dawa ya kuonesha mishipa, inayochora njia yote kutoka kifuani hadi kichwani na kuonesha kama uso wa plaki umechimbika. Kuna MRI, ambayo ina sifa ya pekee: damu iliyovujia ndani ya plaki hung'aa kwenye picha, na kung'aa huko ni ishara mbaya. Na kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu ni cha kusikiliza, nasi watu wa redio tunaishi kwa masikio. Daktari huweka kifaa cha Doppler juu ya sikio, pale mfupa wa kichwa ulipo mwembamba, na kuusikiliza mshipa wa ndani ya ubongo. Damu huenda na ule mshindo wake wa kawaida. Halafu ghafla: twi! Kama mlio wa kifaranga. Ni chembe ya kitu kigumu imepita. Mgonjwa hajahisi chochote, lakini jipu la shingoni limejisema lenyewe.

Tuje kwenye tiba. Wengi wakisikia mshipa umebanwa hufikiri ni kama bomba la sinki, lazima lizibuliwe. Lakini kazi ya kwanza ni kulituliza jipu ligeuke sugu, na kazi hiyo hufanywa na vidonge vidogo. Statini hupunguza lehemu, hupoza ile vita ya ndani, na taratibu huuimarisha utando wa juu. Aspirini, na kwa muda mfupi pengine pamoja na klopidogreli, huzuia damu isigande juu ya kidonda. Dawa za presha hupunguza kishindo kinachoupiga ukuta. Sigara huachwa, haipunguzwi. Sukari hushikwa.

Unaona ni vitu vidogo? Mwaka 2007 madaktari wa Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya kubadili jambo moja tu: badala ya mwenye kiharusi cha mpito kusubiri miadi na kupitia daktari mwingine, alionwa haraka na dawa zikaanza hapo hapo. Waliopata kiharusi kingine ndani ya siku 90 walishuka kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1. Dawa zilikuwa za kawaida. Kilichobadilika ni saa.

Lakini tafadhali, usikimbilie kumpa mzee aspirini ya kabatini. Kipo kiharusi cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka na kuvuja, na kwa macho vinafanana. Aspirini humsaidia wa kwanza na inaweza kumuumiza wa pili. Anayetenganisha ni picha ya kichwa. Peleka mgonjwa hospitali kwanza.

Mwenye dalili na mshipa uliobanwa sana huweza kuhitaji upasuaji. Daktari hupasua pembeni mwa shingo, hubana mshipa juu na chini, huufungua kwa urefu, na huimenya plaki itoke kama unavyobandua ukoko kwenye sufuria. Kisha hushona, mara nyingi kwa kiraka ili pasibane tena. Kazi hiyo ina hatari zake: yenyewe inaweza kuleta kiharusi, au kugusa neva za ulimi na sauti. Njia nyingine ni kupitisha waya kutoka kwenye paja na kutandaza stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, kinachoshikilia mshipa uwe wazi. Utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 2010 ulizishindanisha njia hizo: wakati wa matibabu stenti ilileta viharusi zaidi, upasuaji ukaleta mishtuko ya moyo zaidi. Daktari huchagua kwa kumtazama mtu aliye mbele yake.

Ila saa ndiyo hiyo hiyo. Uchambuzi wa mwaka 2004 ulionesha kwamba upasuaji ukifanywa ndani ya wiki mbili tangu dalili, wagonjwa 5 wakipasuliwa kiharusi kimoja kinazuiwa. Ukicheleweshwa zaidi ya wiki 12, lazima upasue 125 ili umwokoe mmoja. Mshipa ni ule ule, kisu ni kile kile. Jipu limekwisha kufanya lililotaka kufanya.

Na hapa kwetu? Utafiti uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010, ulipata, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya kama 108 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wa Hai, na zaidi ya 315 Dar es Salaam. Si vyote vinatoka shingoni. Kwetu vingi huletwa na presha inayopasua mishipa au kuziba ile midogo ya ndani kabisa. Lakini presha, sukari na sigara havichagui mshipa. Vinavyoharibu midogo huiharibu na karotidi. Sisemi kila msikilizaji akapange foleni ya altrasaundi kesho. Kwa asiye na dalili, madaktari hawashauri kupima watu wote ovyo. Ninachosema ni kipi kisiachwe kipite.

Basi shika manne. Mdomo kwenda upande ghafla. Mkono au mguu wa upande mmoja kukataa amri ghafla. Kauli kuvurugika ghafla. Jicho moja kushukiwa na kitu kama pazia. Hata kikiisha ndani ya dakika moja, hata mwenyewe akicheka, ni dharura ya siku ile ile. Mwambie daktari kwa maneno haya: kilikuja ghafla, kilikuwa upande huu, kilidumu dakika kadhaa, kikaondoka. Omba shingo itazamwe. Na mafuta ya kuchua yabaki kwenye chupa. Hakuna anayeweza kukanda plaki ikatoka, na shingo yenye jipu si ya kukandwa.

Mjomba alipofikishwa hospitali ya rufaa, baada ya siku kadhaa alipimwa altrasaundi. Daktari aligeuza skrini nikaona. Mshipa wa kushoto ulikuwa umebanwa nusu hivi. Nikamuuliza, nusu tu? Akaniwekea kidole kwenye doa jeusi lenye mchimbo katikati, kama jino lililotoboka. "Tazama rangi," akaniambia, "usitazame upana."

Mzee aliishi miaka sita baada ya hapo. Vidonge vyake havikukosa hata siku moja. Mkewe alivitenga kwenye vishimo vya bao kuukuu, Jumatatu hadi Jumapili. Mkono wa kulia haukurudi. Alijifunza kucheza kwa wa kushoto, polepole, kete moja, moja, moja, na jirani yake aliisubiri kila kete bila kusema neno. Siku hizi mtu akidondosha kitu barazani pale, mchezo husimama. Jirani humtazama usoni na kumwambia: "Hebu sema jina lako."